Shangazi, kampuni ni ya kompyuta na mimi kompyuta siijui. Nibaki kuwa bosi au nimwachie mdogo wangu?

Shangazi shikamoo. Naomba usiandike jina langu wala la kampuni, maana Mtwara hii ndogo, ukipiga chafya Chikongola mtu wa Shangani anakwambia afya.

Mi ni mwanamke, miaka thelathini na kitu, nimesoma biashara hapahapa Mtwara na baada ya chuo nikapata kazi ya ukarani msaidizi kwenye chama cha msingi kimoja cha korosho upande wa Tandahimba. Huko ndo wazo lilikotokea. Anayeujua msimu anajua, mkulima analeta mzigo, unapimwa, anaandikwa kwenye daftari, anapewa karatasi yake alafu anarudi nyumbani kusubiri mnada, na kuanzia hapo hajui kitu. Mnada umeshafanyika? Imenunuliwa bei gani? Makato shilingi ngapi? Hela inaingia benki lini? Basi kila asubuhi ofisini kuna foleni ya wazee wanauliza swali hilohilo na wengine nauli ya bodaboda wamekopa. Nikawa najisemea si angetumiwa tu meseji kwenye kitochi chake, kilo zako hizi, bei ya mnada hii, makato haya, kinachobaki hiki, akakaa zake nyumbani.

Kompyuta mi naijua ya Excel na kuprinti, basi. Mtu wa aiti ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kasoma Dar akarudi hana kazi, alikuwa anashinda pale stendi anaflashi simu za watu. Nikamweleza, akaelewa hapohapo, akakaa chini na laptopu yake mbovu isiyotunza chaji akaanza kuandika mfumo. Hela ya kuanzia katoa mjomba wetu, kauza korosho zake za msimu ule akatukabidhi akasema msije mkaniaibisha. BRELA nimesajili mimi, TRA nimeenda mimi, kwenye vyama nimezunguka mimi, Newala, Masasi, jua na mvua, na mwenyekiti wa chama hakuelewi mpaka uwe umeshakunywa naye chai ya kutosha. Mkataba wa kwanza nimeuleta mimi. Kwenye karatasi mi ndo mkurugenzi mtendaji, yeye mkuu wa ufundi. Hisa tupo mimi na mjomba, yeye nilimwambia asilimia zake ntampa mambo yakitulia akasema sawa dada, hatukuandikishana maana ni ndugu. Seva, yani ile kompyuta ya mbali inayotunza mfumo, analipia yeye kwa kadi yake mi namrudishia.

Sasa msimu uliopita ndo balaa. Kule ghalani mtandao unakuja na kuondoka. Karani akishapima anaingiza kilo kwenye simu, anabonyeza sevu, kile kiduara kinazunguka tu, anabonyeza tena. Mtandao uliporudi mfumo ukaingiza zote mbili. Mzee mmoja kapima kilo 312, kwenye mfumo zikasoma 624, na meseji ikamfikia hivyohivyo. Shangazi mzee akaja ofisini na simu yake, haachii mtu aishike, anainyoosha tu usome, anataka hela ya kilo 624. Na hakuwa peke yake. Mwenyekiti anafoka, watu wamejaa mlangoni, mi nimesimama pale nageuka namwangalia mdogo wangu. Yeye kakaa palepale ofisini kwa chama mpaka usiku na mbu wote wale, akarekebisha. Asubuhi mwenyekiti anasema mbele yangu, "Kumbe mwenye mfumo ni huyu kijana!"

Toka siku ile kabadilika. Anasema kampuni ya teknolojia haiwezi kuongozwa na mtu asiyejua hata seva ni nini. Ananitajia Bill Gates, Zuckerberg, yule wa Nvidia, wote wanajua kazi kwa mikono yao, hakuna aliyetoka kwenye mauzo. Anasema tena kwamba zile meseji niliwaahidi watu kabla hajazijaribu, ye aliomba muda mi nikamwambia msimu hausubiri. Kweli nilisema, lakini si ndo ukweli? Ukiukosa Oktoba umekosa mwaka mzima.

Na sasa kuna watu wa Dar wanataka kutuwekea hela. Fomu yao inauliza mkurugenzi ana taaluma gani. Yule dada wao kwenye simu akaniuliza mambo mawili matatu ya ufundi nikamwambia ntampa mwenzangu akujibu, nikasikia kimya. Mjomba alivyosikia akasema bila hata kupandisha sauti, kampuni ya kompyuta aishike mtu wa kompyuta, wewe mpwa wangu shika hela na wateja. Na we unajua kwetu kusini mjomba akishasema.

Mume wangu anasema nisithubutu kuachia kiti. Rafiki yangu anasema nijiandikishe kozi ya programu ya miezi sita nimfunge mdomo. Mi sijui. Hivi ni kweli kiongozi wa kampuni ya namna hii lazima awe fundi? Au akijua biashara inatosha? Silali vizuri shangazi.

Mkurugenzi (bado), Mtwara

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole na hekaheka. Barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi, maana ya asubuhi huwa naisoma bila kumchukia mtu.

Nilivyokuelewa mimi, wazo lako, miguu yako, mikono ya mdogo wako, hela ya mjomba, na kiti ni kimoja. Mlienda vizuri mpaka siku mambo yalipoharibika mbele za watu, na aliyeweza kuyatengeneza akawa siye mwenye cheo. Umeliuliza kwangu kama swali la darasani, fundi au biashara, na ntakujibu hivyohivyo kwanza, ila kwenye barua yako kuna mistari miwili umeipitia haraka sana na hiyo ndo imenishtua zaidi. Ntairudia.

Tuanze na majina ya mdogo wako. Hajadanganya. Gates na Zuckerberg waliandika programu wenyewe, na Jensen Huang wa Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta, ni injinia wa umeme, aliianzisha na wenzake mwaka 1993 na mpaka leo anaiongoza. Lakini kamruka Jack Ma, mwalimu wa Kiingereza aliyeanzisha Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, mwaka 1999 kule Hangzhou na wenzake, na ambaye mwenyewe husema wazi kwamba programu haandiki. Kamruka na Steve Jobs, maana ile mashine ya kwanza ya Apple aliyeiunda ni Wozniak, Jobs ndiye aliyejua kuiuza. (Usishangae shangazi yako kuyajua haya, nimestaafu, bando ninalo.)

Ila na wewe usichukue la Jobs ukakimbia nalo. Mwaka 1983 Apple walimleta John Sculley kutoka Pepsi, mtu wa soda na matangazo, aliyembembeleza aje ni Jobs mwenyewe, na miaka miwili baadaye Jobs akawa nje ya kampuni yake. Mauzo yalipanda kweli miaka kadhaa, alafu yakaja kuwa mabaya, Sculley akaondoka 1993, na 1997 Jobs akarudishwa. Mwaka huohuo 1993 kampuni ya kompyuta ya IBM walikuwa wanapoteza mabilioni ya dola wakamchukua Lou Gerstner kutoka kampuni ya biskuti na sigara. Watu walicheka. Digrii ya uinjinia alikuwa nayo ya zamani lakini kazi yote ya maisha yake ilikuwa biashara, na IBM ikasimama tena. Kuna kitu kuhusu Gerstner nakipenda, kwamba kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi American Express, ambako alikuwa mteja wa IBM. Alishakaa upande wa pili wa meza anajua mteja anaumia wapi. Hapo nikakukumbuka wewe na ile foleni ya wazee asubuhi. Unajiita mtu wa biashara, mimi kwenye barua yako nimeona karani, na karani aliyeona foleni si sawa na mtu wa masoko aliyeletwa kutoka mbali.

Kisa ambacho watu wa ufundi wanakipenda sana ni cha Intel, wanaotengeneza chipu, yani ubongo wa kompyuta. Kampuni ile iliongozwa na wanasayansi na mainjinia tangu mwanzo, mpaka 2005 alipokalia kiti Paul Otellini, mtu wa uchumi na biashara. Enzi zake Apple walikuja kutafuta chipu ya simu waliyokuwa wanaitengeneza, ndo hiyo iPhone iliyotoka 2007, Intel wakakataa. Sasa hapo mainjinia wanasema unaona, mkiweka watu wa hesabu! Lakini sikiliza alivyokuja kueleza mwenyewe akiwa anaondoka 2013. Bei waliyotaka Apple ilikuwa chini ya gharama ambazo Intel walizikadiria, na makadirio yale yakaja kuonekana hayakuwa sahihi, na simu zilizouzwa zilikuwa mara mia ya walivyodhani. Yani alikosea kwenye hesabu za gharama na soko, mambo ya fani yake yeye mwenyewe. Ufundi haukuhusika kiasi hicho. Baadaye mwaka 2021 wakamrudisha Pat Gelsinger, injinia hasa, aliyeanza pale akiwa kijana wa miaka kumi na nane. Desemba 2024 naye akaondoka kampuni ikiwa bado matatani.

Na kwa jirani zetu Kenya, M-Pesa ilipozinduliwa 2007 bosi wa Safaricom alikuwa Michael Joseph, injinia wa umeme. Alipotoka 2010 akaja Bob Collymore, mtu wa upande wa biashara ambaye chuo kikuu hakupita, akakaa mpaka alipofariki 2019 na M-Pesa ikazidi kukua. Kwahiyo mkianza kutajiana majina we na mdogo wako mtashinda hapo mpaka magharibi na kila mmoja atakuwa na la kwake.

Mi nimefanya kazi ya hesabu za ushirika huku kusini miaka mingi kabla mambo hayajawa ya mtandao. Wenyeviti wengi wanachaguliwa na wakulima wenzao, mahesabu hawajasomea, wanamtegemea karani. Wapo walioliwa kila msimu. Lakini namkumbuka mzee mmoja, miwani ilikuwa imefungwa uzi sikioni, yeye alikuwa hasaini kitu. Anaweka kidole kwenye mstari, anauliza hii nini. Unamweleza. Anasema sijaelewa. Unamweleza tena. Alikuwa hana haya hata kidogo ya kusema sijaelewa mbele ya watu, na makarani walimwogopa kuliko mkaguzi wa serikali. Uhasibu hakuwahi kuujua mpaka alipoacha uenyekiti, ila alijua maelezo yaliyonyooka yanasikikaje, na alijua nani pale ofisini anamweleza vizuri na nani anamzungusha. Nikitazama wakubwa wote hao wa Marekani sioni digrii gani iliwaokoa, naona tu wengine walikuwa na huu uwezo wa yule mzee na wengine hawakuwa nao, au walikuwa nao ukaisha.

Sasa turudi kwenye kilo 624, maana hapo mwanangu umepaelezea kama siku uliyoshindwa wewe na akashinda yeye, na mi sioni hivyo.

Nimemuuliza mtu anayejua haya mambo, akaniambia simu ilituma upimaji uleule mara mbili na seva haikuwa na njia ya kujua ni uleule. Dawa yake ni kila upimaji upewe namba yake palepale kwenye simu, kabla haujatumwa, ukifika mara ya pili na namba ileile seva inaukataa. Nikacheka. Kitabu cha stakabadhi ulichokuwa unaandika wewe Tandahimba kila karatasi si ina namba? Unadhani iliwekwa ya nini! Yani kitu hicho ulikuwa nacho mkononi miaka yote. Na hili lingine, kwamba karani akiona kiduara kinazunguka huku foleni inamsukuma atabonyeza tena, mtu yeyote aliyekaa ghalani anajua. Mdogo wako hajakaa ghalani. Alijaribu mfumo chumbani kwake mjini, mtandao upo, hamna mtu anayemfokea. Yeye alijua seva bila kujua ghala, wewe ghala ulilijua seva hukuijua, na hakuna aliyekaa na mwenzake akauliza hii kitu ikifika kule itakuwaje. Kosa limepita hapo katikati yenu. Angekuwa yeye bosi lingepita vilevile, ndo maana sielewi kubadilishana viti kungetibu nini hasa.

Hilo la kuahidi kabla hajajaribu sikulaumu, msimu naujua. Ila nakuuliza, siku ile aliposema bado, alikuwa na njia yoyote ya kukuzuia? Au neno lake lilikuwa maoni tu na uamuzi ni wako? Kuna yule binti wa Marekani Elizabeth Holmes, mashine ya kupima damu kwa tone dogo, kampuni aliianzisha 2003, aliahidi mashine isiyoweza kazi aliyoisema na mafundi waliojua ukweli ndani hawakusikilizwa, 2022 mahakama ikamtia hatiani kwa kuwadanganya wawekezaji. Wewe siye yule, wala hujadanganya mtu. Ila ukiwa mkurugenzi mwenye maneno matamu, na wewe unayo, nimeyaona hata kwenye barua, basi fundi wako anahitaji neno moja ambalo akilitamka na wewe unasimama. Ukibaki kwenye kiti hilo lingeandikwa. Na yeye akikalia kiti liandikwe la upande wako, maana mafundi nao wana ugonjwa wao, kitu hakiishi, kila siku anaongeza kidude, msimu unapita, mteja kashahamia kwingine.

Sasa ile mistari uliyoipitia haraka. "Asilimia zake ntampa mambo yakitulia." Yatatulia lini mwanangu? Kijana kaandika mfumo wote, kalala na mbu, na kwenye karatasi za BRELA hayupo. Umesoma maneno yake ya seva na Bill Gates kama majivuno, na yanaweza kuwa majivuno kweli, lakini kuna uwezekano pia anataka kiti kwasababu kiti ndo kitu pekee anachokiona, hisa hana, mkataba hana, jina hana. Mtu mwenye fungu lake lililoandikwa huenda asingejali nani anaitwa mkurugenzi. Huenda. Mi simjui, unamjua wewe.

Mstari wa pili ni ule wa seva kulipiwa kwa kadi yake. Nywila ziko kwa nani? Akigombana na wewe kesho akazima, wakulima wanaona nini kwenye simu zao? Na mfumo wenyewe ni mali ya nani, kampuni au yeye? Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, sasa kama hamjaandikishana popote, kwenye hilo usinitegemee mimi, tafuta mwanasheria hapo mjini umlipe. Mnashikana pabaya wote wawili, wewe umeshika hisa yeye kashika funguo, na hapo mnagombea kiti.

Kuhusu kumwachia. Inawezekana, watu wameachia na wakabaki na heshima zao na kampuni ikaenda. Ila kabla hujaachia kaa naye umweleze kazi yenyewe ikoje, maana nadhani kakiona cheo tu. Mwenyekiti akifoka saa tano usiku simu inaita kwa nani? TRA wakiita nani anakwenda? Majina na akaunti za benki za wakulima mnazo kwenye mfumo, na sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo, zikivuja nani anasimama? Kwenda Newala kunywa chai na mwenyekiti asiyetaka kuelewa, siku nzima, bila kugusa laptopu. Akisikia hayo akasema nayataka, basi una mtu wa kuzungumza naye. Na akisema hayo dada endelea nayo wewe, mimi nataka niitwe mwanzilishi na fungu langu nilione, hapo pia utakuwa umepata jibu bila kupigana.

Kuna wanaofanya wakuu wawili, fundi na mfanyabiashara kiti kimoja. Kampuni ya simu za BlackBerry ilikuwa hivyo miaka mingi, Mike Lazaridis wa ufundi na Jim Balsillie wa biashara, na ilikuwa kubwa kweli duniani. Ilipokuja kubanwa na simu za tachi, Januari 2012 wote wawili wakang'atuka pamoja. Wakati wa neema wawili wanakaa vizuri, ikija shida wafanyakazi hawajui wamsikilize nani. Kwa ndugu wa damu mi naiogopa zaidi, ila wewe ndo unajua mnavyosikilizana. Kumleta mtu wa nje kama Google walivyomleta Eric Schmidt mwaka 2001 sidhani kama mna hela hiyo, tuiache.

Mjomba. Hapa naongea polepole. Kauli yake ina uzito mara mbili, ni mjomba na ni mwenye hisa, kwahiyo huwezi kusema haimhusu. Lakini "shika hela na wateja" ukiisikiliza vizuri, hela na wateja si ndo kampuni nusu nzima? Huenda kakupa kazi kubwa kuliko alivyodhani. Na kuna swali moja ningependa aulizwe, siyo na wewe, mtume mama yako akamuulize kwa utaratibu wao: angekuwa mpwa wa kiume ndo kaleta wazo, kasajili, kaleta mkataba, angeambiwa ashike hela? Labda atasema ndiyo. Basi. Na mumeo naye umsikilize lakini ujue ye anakutetea wewe, kampuni siyo lazima.

Yule dada wa Dar, kimya chake umekitafsiri vibaya mapema. Huenda alikuwa anaandika. Kusema mwenzangu atakujibu si dhambi, maana wawekezaji wengi wanataka kujua kama fundi yupo na kama atabaki, na swali lao linalofuata litakuwa ana hisa ngapi, hapo utasema nini? Ila ungeweza kumsimulia mwenyewe ile ya 312 na 624, kilichotokea, kwanini, na kilichowekwa kisitokee tena, kwa Kiswahili chako cha ghalani. Hiyo fomu usiijaze cheo chochote kabla nyinyi watatu hamjakaa.

Na kozi. Kama ni kumfunga mdomo, miezi sita itakupa maneno ya kubishana naye tu, na mfumo bado ataandika yeye. Kama ni kwasababu umeumia kutoelewa siku ile, basi nenda, elimu haina hasara, ila kuna njia ya haraka zaidi. Mwambie akae na wewe akuonyeshe kilo moja inavyosafiri kutoka simu ya karani mpaka kwenye meseji ya mkulima, hatua kwa hatua, na kila usipoelewa useme sijaelewa. Alafu msimu ukianza mpeleke ghalani, siku ya foleni hasa, apime yeye kwa mkono wake.

Niandikie mkishakaa na mjomba, hasa hilo la hisa na nywila. Na zile namba za upimaji ziwe zimeshawekwa na kujaribiwa sehemu isiyo na mtandao kabla ya Oktoba, awe amekalia kiti nani.